Kijicho cha Manjano

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mwanne, mke wangu, amenipa hili daftari. Anasema niandike tarehe za arusi, nisije tena nikaahidi mabibi arusi wawili Jumamosi moja kama mwaka jana, nilipokimbia kati ya Buyenzi na Bwiza kama mutu anayefukuzwa na mbwa. Nitaandika tarehe. Lakini daftari ni nene na mi nina maneno, kwa hiyo nitaandika na maneno.

Mi ni Shakuru, mpiga picha, miaka ishirini na mbili kazini. Shule niliacha mwaka wa nane, lakini dunia nimeisoma: nimefika Goma, Kigoma, Nairobi, na Lubumbashi nililala siku tatu. Ingia nyumba kumi za Waislamu wa Bujumbura. Tisa kati ya hizo, picha ya arusi iliyo ukutani ni yangu. Ya kumi hawajaoana.

Idd imepita, mvua imekwisha, msimu wa arusi umefunguka. Nitakula vizuri mwaka huu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Vumbi. Nimefuta lensi mara nne.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Arusi Buyenzi. Mi nilikuwa upande wa wanaume, kama kawaida. Kwa wanawake huwa naitwa dakika tano tu, wote wakishajifunika, napiga picha ya bibi arusi na kutolewa. Leo sikuitwa. Nikauliza. Nikaambiwa, "Huko tuko na Lubna."

Lubna ni binti wa marehemu Yaseen fundi cherehani, jirani yetu. Alikuwa Dubai miaka sita: miwili akifua nguo za watu, minne kwenye studio ya picha. Amerudi na apareyi, kamera isiyo na kioo ndani, ndogo kama kopo la maziwa. Mi yangu ni nzito, ina kioo, ikipiga inalia tchak na jirani anageuka. Nikamwambia Mwanne kuwa apareyi ndogo ni ya watalii.

Mwanne, aliyekuwa huko ndani na wanawake, akasema, "Baba Assia, ametuonyesha picha palepale. Unahesabu kope."

Nani anahesabu kope? Kope ni za kuhesabiwa?

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimeangalia picha zangu za jana kwenye kompyuta, kubwa kubwa. Bwana arusi sikio linaonekana hadi nywele za ndani. Macho ni ukungu. Nimerudi kwenye za mwezi uliopita. Masikio. Za mwaka jana. Masikio.

Sijamwambia mutu.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Mi arusi moja. Lubna mbili.

Jumanne, tarehe 24 Juni

Nimekwenda kumsalimia Lubna kwao, kama mkubwa wa kazi anavyomkaribisha mgeni wa kazi. Uongo. Nilikwenda kuona apareyi.

Akaniwekea mkononi bila kusita; huniita Tonto, yaani mjomba, tangu utoto. "Shika, Tonto. Niangalie mimi humo."

Nikaweka jicho. Kibokisi kidogo cha manjano kikaruka juu ya jicho lake la kushoto na kutulia. Akageuka, kikahamia la kulia. Akajifunika mtandio hadi puani, hakikujali. Akapita nyuma ya mlango, kikapotea. Akatokea, kikamrudia kabla mimi mwenyewe sijamwona vizuri.

"Inafanyaje?" Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko kawaida.

"Yako iko na kioo, Tonto. Kioo kinatuma mwanga chini, kwa kipimo kidogo, huko ndiko otofokasi inapima umbali. Halafu kioo kinapanda, picha inaingia pahali pengine. Pahali pawili. Pakikosana hata unywele, fokasi, ule ukali wa picha, inaangukia sikio."

Mkono wangu ukaenda sikioni.

"Huku hakuna kioo," akaendelea. "Palepale panapopiga ndipo panapopima. Na walishaifundisha macho, mamilioni, ya watu, ya ndege, ya mbwa."

"Na ya ng'ombe?"

"Itakuja. Kila miezi michache kiwanda kinatuma akili mpya kwa internet. Naiingiza, inaamka inajua kitu haikujua jana. Zamani ilikuwa inapotea umeme ukikatika ukumbini. Sasa inajikaza."

Mimi kiwanda hakijanitumia kitu tangu mwaka wa nane.

Nilirudi kwa miguu, maana esansi, mafuta ya gari, hakuna mjini na mabasi yamelala foleni. Njia nzima nilikuwa nayaona macho ya watu na kibokisi juu yake. Nilikuwa nimeshika kitu kizuri, nikakirudisha kwa mwenyewe. Mutu wa miaka yangu anapaswa kuwa amezoea hilo.

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Nimepeleka picha kwa Waridi, mwenye saluni ya mabibi arusi hapa Bwiza. Mwanaume haingii mle. Unasimama nje ya pazia na kusema na pazia. Mi na lile pazia tunajuana, limecheka sana kwa ajili yangu.

"Shakuru we," Waridi akasema toka ndani, "eti mashini ya Lubna inaona kuliko wewe?"

"Inaona? Ile iko na kijicho!"

Sauti ya Waridi ikashuka. "Kijicho vipi?"

"Wallahi nimekiona. Cha manjano. Kinatoka ndani kinakwenda kukaa juu ya jicho ya bibi arusi. Acheze, ageuke, ajifunike, hakitoki."

"Astaghfirullah!"

"Mi siko na maneno. Nimesema nilichoona."

Pazia likacheka, lakini si wote. Nimerudi nyumbani na furaha ya mutu aliyejikuna pahali panapowasha. Ni mzaha tu. Kile kitu ni kidogo na kinakaa juu ya jicho, sasa kingeitwa nini?

Jumapili, tarehe 13 Julai

Afrah, binti wa mtaa wetu, aliolewa jana, picha alipiga Lubna. Leo macho yake yamevimba, hafungui. Mwanne ametoka kumwona.

"Wanasema ni apareyi ya Lubna," akasema. "Eti iko na kijicho, imemhusudu."

"Nani anasema?"

"Waridi."

"Na zile kope za kubandika, nani alimbandika gundi?"

"Waridi."

Tukatazamana. Hapo ndipo pa kuvaa viatu na kwenda kusema. Nilikula wali wangu.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Afrah amepona. Hakuna anayezungumzia kupona.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Watu watatu wamenipigia simu wiki hii. Nimewapokea wote. Lubna leo hakuwa na arusi.

Jumamosi, tarehe 26 Julai

Hili nitaliandika lote.

Arusi Kinanira, mtoto wa rafiki yangu, bwana arusi anaitwa Loïc. Ni Wakristo, maneno ya Bwiza hayajapanda hadi huko, kwa hiyo walituita wote wawili: Lubna kanisani na ukumbini, mi kwa picha za familia. Shangazi za Loïc walikuwa wamevaa sare, kitenge cha yubile ya askofu wao, na uso wa askofu umechapwa mkubwa, mbele na nyuma. Ngoma ikaanza. Shangazi mmoja mnene akaingia kati na kucheza mbele ya maharusi, mgongo ukitazama kwetu.

"Tonto! Njoo uone! Imemkataa bibi arusi!"

Nikaweka jicho. Kile cha manjano kimekaa juu ya jicho la askofu, na askofu yuko juu ya makalio ya shangazi. Shangazi akienda kushoto, askofu kushoto, kibokisi kushoto. Kulia, kulia. Lubna anakivuta kwa kidole kimrudie bibi arusi, kinakataa, kinarudi kwa askofu. Picha kumi na mbili: askofu unaona hadi nyusi, bibi arusi ni moshi.

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Yeye alikaa chini kabisa, na mtandio mdomoni.

Mi, kwa apareyi yangu, nikachagua nukta moja ya fokasi, ya katikati, kwa kidole gumba, kama zamani, nikalenga pua ya bibi arusi kwa sababu naijua dawa ya masikio yangu sasa: ukilenga mbele kidogo ya jicho, inafika jichoni. Ikafika. Nikamwonyesha, na siri ya masikio yangu nikamtajia.

"Hapa umenishinda," akasema. "Hii bado haijui nani ni mutu na nani ni nguo. Siku moja itajua. Itajua hadi nani ni bibi arusi na nani ni shangazi. Utatazama tu kitu kwa jicho lako, na yenyewe inafuata."

"Siku hiyo mi nitakuwa wa nini?"

"Wa kuchekesha watu, Tonto. Hiyo haiwezi kuja kwa internet."

Nilikuwa nimekuja na kinyongo changu kimepigwa pasi, na huyu binti amekikunja ovyo kwa neno moja.

Halafu akaacha kucheka. Akasema arusi nne zimevunja ahadi naye. "Wanasema niko na kijicho. Si apareyi tena, ni mimi. Jana mama mmoja amenipa chai, nikaangalia mutoto wake, akamfunika uso. Mutoto wa kike akisemwa hivi, nani atamfungulia mlango? Nani atamuoa?" Akafuta lensi ambayo haikuwa chafu. "Tonto, we unawajua watu wa Bwiza wote. Nani alianzisha hii?"

Alikuwa ananitazama usoni.

"Sijui," nikasema.

Hata sikukohoa. Lilitoka safi, kama mutu anayeulizwa saa na hana saa.

Juu, kwenye tarehe 3 Julai, nimeuliza kile kitu kingeitwa nini. Kingeitwa kibokisi. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, na nikaliacha nikachukua lile jingine, kwa sababu nilijua kijicho ni nini, na kila mwanamke nyuma ya lile pazia alijua kijicho ni nini. Nililichagua kama mutu anavyochagua nyanya.

Jumatano, tarehe 30 Julai

Sijaandika. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, tarehe 2 Agosti

Mama Mahfudha, mke wa Mzee Thabit mwenye maduka, amenipigia simu kutoka Kiriri. Basma, binti yao, anaolewa tarehe 23. Hii ndiyo arusi ya msimu.

"Tulimtaka yule binti wa Yaseen," akasema. "Lakini we unajua yanayosemwa."

"Najua, Mama."

"Kwa Basma siwezi kubahatisha."

"Ndiyo, Mama."

Nimefurahi. Nimeandika kuwa nimefurahi ili nione kama linaandikika.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Mwanne amenipa simu yake nione. Lubna ameweka picha ya apareyi yake: inauzwa, pamoja na lensi mbili na batri tatu.

"Anarudi Dubai," Mwanne akasema. "Kwenye nyumba za watu. Studio ile imeshajaa, kilichobaki ni kufua." Akaichukua simu yake. "Si uinunue, Baba Assia? Si ndiyo uliitaka?"

Kuna wanawake wanaokupiga kwa mwiko. Wangu hana haja.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimekwenda kwa Lubna. Nilijiambia nakwenda kumwambia ukweli. Nilipofika alidhani nimekuja kununua, na mi, laana, nikamwacha adhani.

Akaniwekea mezani kila kitu, kimepangwa, hadi kitambaa cha kufutia. "Heri ichukuliwe na wewe," akasema. "We utaitunza. Ijaribu kwanza, usinunue kitu hujakijaribu."

Nikaiinua. Nikamlenga yeye, maana hakukuwa na mwingine chumbani. Kibokisi kikakaa juu ya jicho lake. Naye alikuwa anaanza kulia. Hakufuta, alikaa tu wima kama mutu anayepigwa picha ya paspoti. Nilingoja kibokisi kipotee, maana jicho likijaa maji nilidhani mashini haitalitambua. Hakikupotea. Machozi yalishuka, kope zilishikana, akainama, na kile kitu kilibaki pale pale, kinatetemeka kidogo, kimemshika. Mi ndiye niliyetaka kutazama pembeni, na sikuweza, maana popote nilipoipeleka apareyi kilimkimbilia yeye.

Nikaiweka chini.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Kijicho. Kwa Waridi, mwezi wa saba. Ni mimi nilisema."

Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alifungasha apareyi, lensi moja, lensi ya pili, batri, kitambaa. Akafunga zipu.

"Kinanira nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Uliniangalia machoni ukasema haujui. Na nilikuwa nimetoka kucheka na wewe." Akafungua mlango. "Hii si ya kuniambia mimi, Tonto. Mi najua siko na kijicho. Nenda uwaambie wao."

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Leo Basma alikuwa anajaribiwa vipodozi kwa Waridi, pamoja na mama yake, shangazi zake na nusu ya Kiriri. Nilijua. Ndiyo maana nilikwenda.

Nikasimama mbele ya pazia.

"Shakuru we!" Waridi akasema. "Umetuletea nini leo?"

Waliokuwa ndani walishaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Ndiyo kazi niliyojipa miaka yote hii.

"Mama Mahfudha yuko humo?"

"Niko, mwanangu."

"Mama, mi nimekuja kusema kitu, na naomba mutu asicheke. Ile mashini ya Lubna haiko na kijicho. Kile nilichowaambia ni kibokisi cha kuonyesha fokasi iko wapi. Ni taa tu. Apareyi yangu ingekuwa na akili ingekuwa nacho. Simu zenu ziko nacho, angalieni."

Nikasikia bangili, mikoba ikifunguliwa. Mmoja akasema, "Eh, kweli, hii hapa."

"Sasa kwa nini ulisema ni kijicho?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Mahfudha.

Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu njiani. Yalikimbia yote.

"Kwa sababu kijicho ni yangu. Lubna haiko nayo, mashini haiko nayo. Mi ndiye niko nayo. Niliona anapiga picha vizuri kuliko mimi na ana kitu kizuri kuliko changu, na roho yangu ikaungua. Nikamsema mutoto wa watu."

Pazia halikucheka.

Kutoka ndani kabisa, Afrah, yule wa macho, akauliza polepole, "Kwa hiyo aliyenihusudu ni wewe?"

"Apana, apana, mi nasema ki..."

"Amesema mwenyewe!" Waridi akadaka, na haraka sana, maana gundi yake ilikuwa inatafuta pa kujificha. "Amesema kijicho ni yake! Wote tumesikia!"

"Subhanallah. Na ameingia arusi ngapi huyu?"

"Yangu aliingia!"

"Na yangu! Na mimba ya kwanza ikatoka!"

"Waridi, ongeza ubani, tafadhali," Mama Mahfudha akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuja kulitoa lile neno kwa Lubna, na nimelitoa. Sikuuliza litakwenda kukaa wapi. Ningeweza kusema ilikuwa gundi. Lakini nilishamtaja mutu mmoja pale mlangoni msimu huu, ikatosha. Nikaondoka.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Arusi tano zimevunja ahadi nami. Ya Basma ndiyo ya kwanza. Mwanamke mmoja pale Bwiza aliniona, akavuka barabara na mtoto wake.

Mwanne akasema, "Miaka ishirini na mbili nimelala na kijicho na sina hata chunusi." Halafu akanipa nyama ya sahani yake.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Mama Mahfudha amemwita Lubna. Na wenye zile arusi nne wamemrudia. Ameitoa apareyi sokoni. Nimeyasikia kwa Mwanne. Lubna mwenyewe hajaniambia kitu, na sina haki ya kuambiwa.

Wivu haujakwisha, nisijidanganye. Nikifikiri Basma atakavyotoka kwenye zile picha, kope moja moja, naanza kutafuta kasoro kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa nalijua jina la huo wivu, na linakaa kwangu, halitembei mitaani.

Ijumaa, tarehe 22 Agosti

Lubna amepiga simu. Sauti kavu.

"Kesho Kiriri upande wa wanaume hakuna mutu wa picha. Aliyekuwa aje amekosa esansi, yuko Rumonge."

"Sawa."

"Sijakusamehe, Tonto. Lakini siko na mikono minne. Na mabwana arusi hawaogopi."

"Na Mama Mahfudha?"

"Amekubali. Ameweka sharti."

Hakunitajia ni sharti gani.

Jumamosi, tarehe 23 Agosti

Nimepanda Kiriri kwa miguu, na shati jeupe, na apareyi begani, na jasho hadi kwenye soksi. Mlinzi akanisimamisha getini. Akatoka bibi mmoja mzee, mama yake Mzee Thabit, amebeba chetezo, ubani unatoka moshi kama tanuri la matofali.

"Ndiwe Shakuru?"

"Ndimi, Bibi."

"Inua mikono."

Mi, niliyefika Lubumbashi, nikainua mikono kama mutu anayepekuliwa uwanja wa ndege. Akanizunguka mara tatu anasoma dua, ananifukiza kwapa, kifua, mfuko wa apareyi. Wageni walikuwa wanaingia na suti zao, wananipita, wanajifanya hawaoni. Nilikuwa na mzaha tayari kwenye ulimi, mzuri sana. Nikaumeza.

"Geuka. Na mgongo."

Nikageuka.

"Sasa macho. Usiyafunge, ndiyo yenye kazi."

Akakisogeza chetezo hadi chini ya kidevu changu. Niliyafungua. Machozi yalitoka kama maji ya bomba, nikakohoa, nikaendelea kuyafungua.

Lubna akatoa kichwa mlangoni upande wa wanawake, apareyi shingoni. Alinitazama muda, tangu viatu hadi juu.

"Bibi, inatosha," akasema. "Atakauka kama samaki, na bwana arusi ameshafika." Halafu kwangu: "Tonto, futa macho. Na ulenge mbele kidogo ya sikio."